Deni la Kinanda

Mwaka juzi, jioni moja baada ya chakula, mjukuu wangu alinijia barazani akiwa na karatasi mkononi, akaketi kwenye kigoda karibu na miguu yangu kama alivyozoea tangu utotoni. Binti huyu amesoma uhandisi wa elektroniki hapa nchini, akahitimu vizuri, na kwa miaka 6 amekuwa mpiga kinanda wa kwaya ya mtaa wetu. Alikuwa na ombi. Alitaka kwenda ng'ambo kusoma shahada ya uzamili ya muziki, lakini si muziki wa noti peke yake. Ni muziki unaofundishwa pamoja na hesabu, fizikia na kompyuta. Baba yake, ambaye ni mwanangu wa pili, alikwisha kumjibu kwamba muziki ni kitu cha Jumapili, na kwamba mhandisi harudi shule kujifunza kuimba. Bibi yake alicheka tu. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuulizwa, kwa sababu mimi ndiye mwenye kile kiwanja cha mjini ambacho hakijajengwa, na kila mtu katika ukoo wetu anajua kwamba kiwanja hicho kikiuzwa ndicho kitakachompeleka mtoto huyu ng'ambo.

"Babu," aliniambia, "wewe umefundisha walimu miaka 30. Niambie wewe kama hii ni elimu au ni mchezo."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki mbili. Nadhani aliamini kwamba nilikuwa nikipiga hesabu ya fedha. La hasha. Nilikuwa nikimfikiria mzee mmoja aliyekwisha kufa, na jambo nililomtendea nilipokuwa mkuu wa chuo. Lakini kabla sijafika huko, msomaji wangu, yafaa nikueleze kwanza elimu yenyewe aliyoitaka mjukuu wangu, maana mimi pia nililazimika kufundishwa, nikiwa mwanafunzi mzee kuliko mwalimu wangu.

Chuo alichokitaja kwanza ni Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California, Marekani. Pale kuna kituo cha utafiti wa muziki na kompyuta, kilichoanzishwa mwaka 1975, kikiwa katika jengo ambalo zamani lilikuwa makazi ya rais wa chuo. Ndani yake wanasoma watu wa shahada ya uzamili na ya udaktari, na mtindo wa masomo ni wa ajabu kwa mtu kama mimi: asubuhi mwanafunzi anajifunza jinsi sikio la mwanadamu linavyopokea mawimbi ya sauti, mchana anaandika programu ya kompyuta, na jioni anatunga wimbo. Hakuna anayeulizwa kama yeye ni msanii au ni fundi. Hutazamiwa kuwa vyote viwili.

Mtu aliyeanzisha kituo hicho pamoja na wenzake ni John Chowning, aliyezaliwa mwaka 1934. Huyu hakuwa mhandisi hata kidogo. Alikuwa mwanamuziki, na chombo chake hasa kilikuwa ngoma. Alikwenda Paris kusomea utunzi kwa mwalimu mashuhuri Nadia Boulanger, kisha akaja Stanford kuendelea na masomo. Mwaka 1964, akiwa bado mwanafunzi, alianza kutumia kompyuta ya chuo kutengeneza sauti, kwa msaada wa Max Mathews, yule mtafiti wa Bell Labs ambaye mwaka 1957 aliifanya kompyuta itoe muziki. Kompyuta za wakati ule zilikuwa kubwa kama kabati za nguo, na Chowning alifanya kazi yake usiku, wakati wenyewe wamelala.

Mwaka 1967 akagundua jambo. Ili nilielewe, mjukuu wangu alinichukulia mfano wa mpiga zeze. Mpiga zeze akibonyeza waya kwa kidole na kukitikisatikisa kidole hicho, sauti nayo hutikisika, hupanda na kushuka kidogo, na sikio hupendezwa. Chowning alifanya vivyo hivyo katika kompyuta, lakini akaongeza kasi ya mtikiso kupita kasi ambayo kidole cha mtu yeyote kingeweza kuifikia. Alipofika mahali fulani, sikio liliacha kusikia mtikiso, likasikia sauti mpya kabisa: mara kama kengele, mara kama tarumbeta, mara kama ngoma. Kwa mitetemo miwili tu, mmoja ukiutikisa mwingine, alipata sauti ambazo kabla ya hapo zilihitaji hesabu ndefu mno.

Mambo yaliyofuata yanafundisha kwa namna yake. Chuo hakikumpa ajira ya kudumu, akaondoka. Makampuni ya vinanda ya Marekani yalionyeshwa ugunduzi huo na hayakuona faida yake. Kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyouona, ikanunua haki ya kuutumia. Hapo ndipo chuo kilipomrudisha Chowning. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda kiitwacho DX7, kikauzwa zaidi ya laki moja na nusu, na hataza ile, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, iliiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20. Katika miaka ya themanini ilikuwa vigumu kufungua redio usisikie sauti zake. Na baada yake vikafuata vinanda vidogo vya umeme vya bei nafuu, ambavyo vilifika hata kwetu, katika makanisa, katika vikundi vya taarab, na katika shule na vyuo.

Kimojawapo kilifika chuoni kwangu mwaka 1994.

Chuo chetu kilikuwa katika mikoa ya kati. Tulikuwa na somo la muziki, kwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi asiyejua kuimba na watoto ni mwalimu nusu. Kwa muda mrefu somo hilo lilisaidiwa na mzee mmoja wa kijiji jirani, Mgogo, mpiga zeze na fundi wa ngoma. Hakuwa na cheti chochote. Alikuja siku mbili kwa wiki, kwa miguu, zeze lake limefungwa kwa kitambaa begani. Aliwafundisha vijana kuchonga shingo ya zeze, kuwamba ngozi juu ya kibuyu, kukaza nyuzi, na kuimba kwa sauti nne bila karatasi. Tulimlipa posho ndogo kutokana na michango. Jina la Hukwe Zawose lilikuwa likivuma wakati huo kutoka Chuo cha Sanaa Bagamoyo hadi Ulaya, naye alikuwa Mgogo kama mzee wetu, hivyo hatukuwa na udhuru wa kusema kwamba hatukujua thamani ya kitu tulichokuwa nacho.

Miaka ile ilikuwa ya shida. Uchangiaji wa gharama za elimu ulikuwa umeingia, wazazi walilalamika, na mimi kila mwisho wa mwezi nilikaa na mhasibu tukitafuta pa kupunguza. Ndipo wafadhili fulani walipotuletea kinanda cha umeme. Kilikuwa na vibonye vyeupe na vyeusi, na upande wa juu safu ya vitufe: filimbi, fidla, kengele, ngoma. Ukibonyeza kitufe kimoja, ngoma ilianza kulia yenyewe, haichoki, haikosei, wala haidai posho. Wanachuo walishangilia. Nami nikafanya hesabu yangu ya mkuu wa chuo. Kama kinanda kina ngoma ndani yake, na kina fidla ndani yake, mzee wa nini?

Nikaandika barua ya mistari mitano, nikampa karani aipeleke kijijini. Mzee hakuja tena. Alifariki mwaka 1999, nami nilikuwa safarini, sikuhudhuria hata mazishi.

Sasa sikiliza yaliyotokea chuoni. Zeze la mzee lilikuwa na milio ambayo ukiitafuta kwenye kinanda huikuti, kwa sababu imekaa katikati ya kibonye na kibonye. Nyimbo za Kigogo zimejengwa juu ya milio hiyo. Wanachuo walipoanza kuimba kwa kufuata kinanda, sauti zao zilijirekebisha polepole, kama mtu anayehama kijiji na kuanza kusema lahaja ya wenyeji. Hakuna aliyewaamuru. Baada ya miaka miwili mitatu nilisikia kwaya ya chuo ikiimba wimbo uleule wa mavuno niliouzoea, maneno yaleyale, nao ulikuwa umekuwa wimbo mwingine.

Hili ndilo lililonikalia moyoni wakati mjukuu wangu alipoleta ombi lake. Maana aliniomba nimlipie ada ili akajifunze katika nyumba ile ile ambamo vinanda hivi vilipata asili yao. Nikajiuliza: nani alimwondoa mzee yule? Swali hili ni la watu wengi leo, si la wapiga zeze peke yao. Wapiga chapa, makarani, na hivi karibuni hata wafasiri na wachoraji, wote wamekwisha kuona mashine ikiingia mlangoni wakati wao wakitoka. Ni haki tujue lawama inamwangukia nani.

Jibu la kwanza nililojipa ni lile la kawaida: chombo hakina kosa. Jembe hulima shamba na jembe hufukia maiti. Jembe ni lilelile. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Kinanda hakikuwa kitu kisicho na maoni. Aliyekiunda aliamua kwamba kati ya kibonye hiki na kile hakuna mlio, na aliandika neno ngoma juu ya kitufe, kana kwamba ngoma ni mlio tu na si mpigaji, wachezaji na sababu ya kuipiga. Chombo kinakuja na fikra za aliyekifanya, na mtumiaji asiyeangalia huzimeza fikra hizo pamoja na faida.

Jibu la pili ni kwamba basi mwenye kosa ni mvumbuzi. Hili nilipenda kuliamini, kwa kuwa mvumbuzi yuko mbali na ni rahisi kumlaumu mtu aliye mbali. Lakini nilipomtazama mvumbuzi mwenyewe nilikuta mpiga ngoma. Mtu aliyekesha usiku mbele ya kompyuta hakuwa akitafuta kuwanyima wapiga ngoma riziki. Alikuwa mmoja wao, akitafuta sauti ambayo mikono yake haikuweza kuifikia. Kumlaumu yeye kwa barua niliyoiandika mimi ni sawa na kumlaumu mfua visu kwa ugomvi wa jirani.

Jibu la tatu ni kwamba mwenye kosa ni aliyechagua, yaani mimi. Hapa sina pa kukimbilia. Walakini hata hapa yafaa kupima sawasawa, kwani mtu anaweza kujilaumu kwa kosa lisilo lake na kuliacha lililo lake. Je, nilikosea kukipokea kinanda? Sidhani. Walikuwapo vijana ambao vidole vyao havikuwahi kugusa chombo chochote cha muziki, na kwa kinanda kile walijifunza noti, wakaenda kufundisha shule za mbali, na baadhi yao wanaongoza kwaya mpaka leo. Mjukuu wangu mwenyewe ni zao la kinanda. Je, nilikosea kutafuta nafuu ya fedha? Mkuu wa chuo asiyepima fedha hakai na chuo. Basi kosa liko wapi? Kwa muda mrefu niliamini kwamba liko katika kudhani kwamba kitu kinachotoa mlio wa ngoma kimechukua nafasi ya mpiga ngoma.

Mjukuu wangu aliporudi baada ya siku chache kuulizia jibu, nilimsimulia habari hii yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha naye akanisimulia mambo mawili ambayo sikuyajua.

La kwanza ni la Stanford kwenyewe. Mwaka 2008 ilianzishwa pale bendi ya kompyuta za mkononi, na kila mpigaji akawa na spika yake pembeni, ili sauti itoke pale alipo mtu na si ukutani. Walipotafuta kitu cha kuundia spika hizo, walinunua mabakuli ya mbao ya saladi katika duka la IKEA, wakayatoboa na kuyapachika vipaza sauti. Nilicheka sana. Nikamwambia, mwanangu, mzee wangu alichukua kibuyu, hao wamechukua bakuli. Tofauti ni njia ya kwenda dukani.

La pili lilinigusa zaidi. Katika mji wa Istanbul, nchini Uturuki, kuna jengo la Hagia Sophia, lililokamilika mwaka 537, ambalo lilikuwa kanisa kwa miaka zaidi ya 900, kisha msikiti, kisha jumba la makumbusho, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Sauti ikitolewa ndani yake hubaki ikizunguka kwa zaidi ya sekunde 10. Watafiti wa Stanford walipasua maputo mle ndani, wakarekodi mwangwi wake, na kutokana na milio hiyo ya maputo kompyuta ikajua tabia ya jengo zima. Mwaka 2013, katika ukumbi wao huko California, kundi la waimbaji liliimba nyimbo za kale za kanisa lile, na mashine zikaifanya kila sauti izunguke kana kwamba wako chini ya kuba la Hagia Sophia.

"Unaona, Babu," alisema, "elimu ile ile iliyokuletea kitufe cha ngoma inaweza pia kuhifadhi kitu kisipotee."

Nikamwambia naona; lakini naona na jambo jingine. Mashine iliwapa jengo, haikuwapa koo. Waimbaji ilibidi waje kwa miguu yao, wenye pumzi na mazoezi ya miaka mingi. Laiti wasingekuwapo, mashine ingehifadhi mwangwi wa kitu kisichosikika. Nikaanza kumwambia kwamba akisoma elimu hiyo, arudi atengeneze kinanda chenye milio ya zeze, aende vijijini akarekodi wazee waliobaki, aanzishe darasa. Nilisema kwa moyo, na labda kwa muda mrefu kupita kiasi, kama walimu tulivyo.

Aliningoja nimalize. Akasema taratibu, "Babu, samahani. Unataka niende kusoma, au unataka niende kukulipia deni lako?"

Sikuwa na la kujibu. Mtoto alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nikitaka kufanya kile ambacho wazee wengi tunakifanya tukidhani ni wosia: kumbebesha kijana mzigo tulioshindwa kuubeba, kisha tuuite mzigo huo wajibu wake. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga, wala hawakusema dawa ya deni ni mjukuu.

Basi wiki iliyofuata nilipanda basi, nikaenda kijijini kwa mzee. Nilimkuta bintiye, mama wa miaka sitini na kitu, akipepeta mtama uani. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikaitika marahaba, nikakaribishwa kiti. Zeze la baba yake lilikuwa limetundikwa ukutani ndani ya nyumba, ngozi yake imepasuka, nyuzi hazipo. Nikamweleza kilichonileta. Nikaomba radhi kwa ajili ya kinanda.

Alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu," alisema, "baba hakukichukia kinanda. Aliwahi kutuambia kwamba angependa kukisikia kikipigwa pamoja na zeze. Kilichomuuma ni ile barua. Alisema, miaka yote hiyo nimekwenda kwake kwa miguu, naye ameshindwa kuja kwangu mara moja aniambie kwa mdomo wake."

Nimeyatafakari maneno hayo tangu siku ile, na nimeona kwamba falsafa yangu yote ya wiki mbili ilikuwa imepita kando ya jambo lenyewe. Nilikuwa nikiuliza kama kinanda kinaweza kuchukua nafasi ya mzee, na hilo ni swali zuri. Lakini mzee mwenyewe alikuwa na swali jingine, fupi zaidi: je, mimi ni mtu mbele yako? Mashine haikumfukuza, wala haikuweza kumuaga. Kumfukuza na kumuaga zote zilikuwa kazi zangu, nami nilifanya moja nikaacha nyingine. Laiti ningekwenda kwake, nikakaa naye, nikamweleza shida ya fedha, pengine angekubali kuja mara moja kwa mwezi. Pengine angekuja bure, maana ndivyo alivyokuwa. Pengine kinanda na zeze vingekaa katika chumba kimoja, na milio ile ya katikati isingepotea. Sikumpa nafasi ya kusema hata neno moja. Nilichelea kumtazama usoni, nikakiita kitendo hicho utawala.

Kwa hiyo, msomaji, kama nawe una mamlaka, na mashine imefika mlangoni kwako, sikuambii uifukuze. Sikuambii pia kwamba hakuna atakayeumia, maana wapo. Nakuambia jambo dogo ambalo halihitaji shahada yoyote: yule ambaye nafasi yake inachukuliwa, mwendee wewe mwenyewe. Huenda ana ushauri ambao mvumbuzi hakuujua. Na hata asipokuwa nao, amekwisha kukutumikia, naye anastahili kuagwa na mtu.

Kiwanja nimekiuza. Mjukuu wangu ameomba nafasi katika vyuo vitatu, Stanford kikiwa kimojawapo, na sikumwekea sharti lolote juu ya atakachokisoma au atakachokifanya akirudi. Sehemu ndogo ya fedha ile niliipeleka kijijini. Yule mama alimtafuta kijana anayejua kuwamba, na zeze la baba yake sasa lina ngozi mpya. Bado halijapata mpigaji. Limetundikwa palepale ukutani, nami kila nikienda huligusa nyuzi kidogo kwa kidole, ingawa sijui kulipiga.